Mufalme yuko mbali, mukusanya kodi yuko mulangoni



Kiisha mafundisho ya siku ya posho, kijana mumoja anayesoma sekondari alinifuata mpaka mulangoni mwa kanisa na kitabu chake cha historia mukononi. Akafungua pahali penye karte yenye rangi tatu. "Pasta," akasema, "tazama hapa. Huku Waturuki, katikati Waajemi, huku wafalme wa Uhindi. Inchi zao zilikuwa kubwa sana, na hawakuwa na simu, wala ndege, wala gari ya moshi. Sisi tuko na vyote vile, lakini mukanda ukitoka Kinshasa unaweza kupotea njiani miezi sita. Wale watu walifanya namna gani?"

Nilicheka. Kiisha nikaona kwamba swali lake lilikuwa la kweli, na jibu sikuwa nalo. Nikamwomba anipe mwezi mumoja. Haya ndiyo niliyosoma.

Kwanza tujue falme zenyewe. Zote tatu zilikuwa za Waislamu, na zilikuwa na nguvu karibu wakati mumoja. Upande wa magaribi walikuwa Waottomani, ndio Waturuki. Sultani Mehmed wa Pili aliteka Constantinople mwaka wa 1453. Wale waliomufuata wakaongeza Shamu na Misri mwaka wa 1516 na 1517, kiisha Bagdadi, sehemu kubwa ya Hungaria, na pwani ya Afrika ya kaskazini mpaka Algiers. Katikati walikuwa Wasafavi wa Uajemi. Ismail, kijana wa miaka 14 hivi, alijitangaza kuwa shah katika muji wa Tabriz mwaka wa 1501, akaamuru watu wafuate njia ya Shia. Ndiyo sababu Iran ni inchi ya Shia mpaka leo. Upande wa mashariki walikuwa Wamoguli. Babur alitoka Kabul, akashinda vita pa Panipat, karibu na Delhi, mwaka wa 1526. Mujukuu wake Akbar, aliyetawala tangu 1556 mpaka 1605, ndiye aliyepanga utawala wao.

Sasa karte ile. Karte inadanganya kidogo. Rangi moja inafunika inchi yote sawasawa, kana kwamba mukono wa Sultani ulikuwa na nguvu moja kila pahali. Sivyo. Jeshi la Waturuki lilikwenda kwa farasi, ngamia na magari ya kukokotwa. Farasi anataka majani, na wakati wa baridi hakuna majani. Kwa hiyo jeshi lilitoka Istanbul wakati majani yanapoota, nalo lilipashwa kurudi mbele theluji haijaanguka. Tarehe 10 Mei 1529 Sultani Suleiman alitoka kwenda kupiga Vienna. Mvua ikanyesha, mito ikajaa, mizinga mikubwa ikaachwa nyuma kwenye matope. Alifika mwisho wa mwezi wa tisa. Katikati ya mwezi wa kumi alikuwa amekwisha kugeuka kurudi. Mutu anayejua barabara zetu za wakati wa mvua hana lazima ya maelezo mengine. Waturuki walijaribu Vienna tena mwaka wa 1683, wakashindwa tena. Mupaka wao upande ule uliwekwa na matope na hesabu ya siku, zaidi ya kuwekwa na panga.

Pahali ambapo mukono haukufika vizuri, Sultani aliacha wakubwa wa pale pale. Wallachia na Moldavia walibakia na wakubwa wao Wakristo, walilipa kodi tu kila mwaka. Maka ilibakia na masharifu wake. Upande wetu wa Afrika Waturuki walifanya jimbo la Habesh kando ya Bahari Nyekundu mwaka wa 1555, wakashika bandari ya Massawa. Na hata Mombasa walijaribu. Mutu mumoja, jina lake Mir Ali Bey, alikuja na chombo kimoja karibu na mwaka wa 1585, na miji mingi ya Waswahili ikamupokea, kwa sababu ilikuwa imechoka na Wareno. Akarudi kiisha na vyombo vitano. Lakini Wareno walileta merikebu kutoka Goa, wakamukamata Mombasa mwaka wa 1589, wakamupeleka Lisbon. Basi, pale ndipo mukono ulikatika.

Lakini swali la kijana wetu halikuwa la vita tu. Kushika inchi ni kitu kimoja. Kuitawala kila siku, kupata kodi kwa mulimaji mumoja mumoja anayekaa safari ya mwezi muzima, ni kitu kingine. Katikati ya mufalme na mulimaji lazima mutu asimame. Mutu yule, ndugu zangu, ndiye shida yote. Ukimwacha siku mingi katika jimbo moja, anaoa pale, anajenga, anapata askari wake mwenyewe, na kesho anasema: mufalme ni mimi. Ukimuhamisha mbiombio, anajua kwamba siku zake ni chache, basi anakula haraka. Mufalme anaogopa mutu anayekaa sana. Mulimaji anaogopa mutu asiyekaa. Falme zote tatu zilihangaika juu ya jambo hili, na hakuna hata moja iliyopata dawa.

Waturuki walianza vizuri. Mashamba mengi yalihesabiwa kuwa mali ya Sultani. Badala ya kuwapa askari wa farasi mushahara wa feza, Sultani aliwapa haki ya kupokea kodi ya kijiji fulani. Haki ile iliitwa timar, na askari yule sipahi. Hakupewa udongo. Alipewa kodi tu, na kwa kodi ile alinunua farasi na silaha, akaenda vitani kila mwaka alipoitwa. Makarani wa Sultani walipita katika vijiji wakaandika katika buku kubwa majina ya wenye nyumba, mashamba yao, na mavuno yao. Kila jimbo lilikuwa na sheria yake iliyoandikwa: sipahi atwae kiasi gani cha ngano, kiasi gani cha asali, kiasi gani juu ya kondoo. Na sipahi hakuwa mwamuzi. Mwamuzi alikuwa kadi, mutu mwingine, aliyetumwa na Istanbul. Hata mulimaji Mukristo aliweza kumushitaki sipahi mbele ya kadi, na mabuku ya makadi yanayobakia mpaka leo yanaonyesha kwamba wengi walifanya hivyo. Sisemi kwamba ilikuwa paradiso. Mulimaji hakuwa na ruhusa ya kuacha shamba lake na kwenda pengine anavyotaka, na Mukristo alilipa kodi ya kichwa ambayo Mwislamu hakulipa. Lakini alijua kiasi anachopashwa kulipa, na hilo si jambo dogo.

Na wakubwa wa majimbo? Hapa Waturuki walifanya jambo ambalo mama anayesoma ukurasa huu hatapenda. Walipita katika vijiji vya Wakristo, katika Serbia, Bosnia, Albania, Ugiriki, wakatwaa watoto wanaume. Watoto wale wakafanywa Waislamu, wakafundishwa, wakawa askari wa Sultani, na wale wenye akili zaidi wakafanywa maliwali na mawaziri. Sababu ilikuwa wazi: mutoto aliyetolewa kwa baba yake hana ukoo wa kumutegemeza, hana jimbo la kwake, ana Sultani peke yake.

Lakini damu haisahau upesi. Mumoja wao alikuwa Sokollu Mehmed Pasha, aliyezaliwa katika kijiji cha Waserbia kule Bosnia. Alipanda mpaka akawa waziri mukubwa tangu 1565 mpaka alipouawa mwaka wa 1579, chini ya masultani watatu. Mwaka wa 1557, mbele hajawa waziri mukubwa, alisaidia kanisa la Waserbia lipate tena patriarka wake katika muji wa Peć. Na patriarka wa kwanza, Makarije, alikuwa wa jamaa yake mwenyewe. Kiisha alijenga daraja la mawe juu ya muto Drina pa Višegrad, katika inchi ile aliyotolewa utotoni. Daraja lile liko mpaka leo. Nimefikiri sana juu ya mutu huyu. Sikupata neno moja la kumupima.

Kwa wale wanaokaa katika kampi za migodi nitaongeza kitu. Waturuki waliposhika Serbia na Bosnia walipata migodi ya feza, kama ule wa Novo Brdo, waliouteka mwaka wa 1455. Pale Wadachi kutoka Saksonia walikuwa wamechimba tangu zamani, na walikuwa na sheria yao ya kazi. Masultani hawakuitupa. Waliiandika kwa Kituruki, hata maneno ya Kidachi ya kazi yakabakia ndani. Vijiji vya wachimbaji viliachiwa sehemu ya kodi zingine, ili watu wasikimbie mugodi. Lakini feza ya mugodi ilikusanywaje? Mara nyingi mugodi ulikodishwa kwa mutu aliyeahidi feza mingi kuliko wenzake. Akikosa kuifikisha, mali yake inakamatwa. Na akipata zaidi ya aliyoahidi, ziada ni yake. Mulielewe neno hilo, kwa maana ndilo lililokuja kuharibu vijiji pia.

Ilikuwa hivi. Mwisho wa karne ya 16 vita viligeuka. Sipahi na upinde wake na mukuki wake hakuweza tena kusimama mbele ya askari wa miguu wenye bunduki, na vita virefu na Waaustria, tangu 1593 mpaka 1606, vilionyesha hivyo. Askari wa bunduki anataka mushahara wa feza. Kodi ya ngano na asali haisaidii. Basi timar nyingi zikaachwa, na kodi za vijiji zikauzishwa sawasawa na migodi: nani anatoa zaidi? Mununuzi alipata kazi kwa muda mufupi, mara nyingi miaka mitatu hivi. Mutu aliyenunua kodi ya kijiji kwa miaka mitatu, wafikiri atajali kama mulimaji ana mbegu ya mwaka wa nne? Na huko Anatolia askari waliokosa kazi walikuwa wakizunguka na kunyanganya watu. Vijiji vingi vikabakia vitupu. Waturuki wenyewe waliita wakati ule Ukimbizi Mukubwa.

Istanbul waliona kosa, na tuwape sifa kwa jambo hilo. Mwaka wa 1695 serikali ilitoa amri mupya: kuanzia sasa mutu ataweza kununua kodi ya pahali kwa maisha yake yote. Sababu waliyoandika ni ile ile tunayosema hapa: wale wa muda mufupi wanaharibu walimaji, lakini mutu atakayekaa mpaka kufa atawatunza kama mali yake. Maneno mazuri. Na pahali pengine yalisaidia. Lakini wale wa maisha yote walianza kufanya kile mufalme alichokuwa akiogopa tangu zamani. Walikuwa wakubwa wa inchi, na askari wao, na waana wao nyuma yao. Ali Pasha wa Ioannina alitawala kama mufalme katika Albania na sehemu ya Ugiriki, mpaka Sultani alipotuma jeshi, na kichwa chake kikapelekwa Istanbul mwaka wa 1822. Muhammad Ali, aliyekuwa liwali wa Misri tangu 1805, hakupatikana na jeshi lolote. Jamaa yake ilibakia juu ya kiti kule Cairo mpaka mwaka wa 1953.

Tuje Uajemi. Ile ni inchi ya milima na jangwa. Katikati yake kuna jangwa la chumvi, na watu wanakaa pembeni pembeni penye maji. Wengi walikuwa wachungaji wa mifugo wenye farasi, na makabila yao yenye vilemba vyekundu, Kizilbashi, ndiyo yaliyomupa Ismail kiti. Basi wakajilipa wenyewe: kila kabila jimbo lake. Shah Abbas, aliyeanza kutawala karibu na mwaka wa 1588, alijua uchungu wao vizuri, kwa maana Kizilbashi walimuua mama yake mwaka wa 1579, alipokuwa yeye mutoto bado. Akafanya kama Waturuki: akatwaa watu wa Georgia, Armenia na Cherkesi, Wakristo waliogeuzwa, akawafanya jeshi lake na maliwali wake. Muji mukubwa akauhamisha mwaka wa 1598 mpaka Isfahan, katikati ya inchi, mbali na mizinga ya Waturuki iliyokuwa imeshika Tabriz mara nyingi.

Mumoja wa watu wake wapya, Allahverdi Khan, Mugeorgia, alipewa jimbo la Fars. Ndiye aliyejenga daraja la matao 33 kule Isfahan. Alipokufa, mwana wake Imam Quli Khan akashika Fars nyuma yake, na mwaka wa 1622 akawafukuza Wareno Hormuz pamoja na merikebu za Waingereza. Mutu wa kazi kweli. Lakini baba na mwana katika jimbo moja, miaka karibu 40! Abbas alipokufa mwaka wa 1629, mujukuu wake Safi aliogopa, na miaka michache kiisha Imam Quli akauawa pamoja na waana wake. Fars ikawekwa moja kwa moja mukononi mwa shah, chini ya makarani. Mufaransa mumoja Muprotestanti, Jean Chardin, muuzishaji wa mawe ya bei, aliyekaa Isfahan katika miaka ya 1660 na 1670, aliandika kwamba majimbo yaliyotawaliwa na makarani wa shah yaliteseka zaidi, kwa sababu liwali wa zamani alikula pale pale na feza yake ilizunguka pale pale, lakini karani aliitoa yote nje. Mwaka wa 1722 Waafgani walipofika mbele ya Isfahan, majimbo karibu hayakutuma musaada. Watu wa muji walikufa kwa njaa miezi mingi, mpaka shah akatoka, akampa adui taji kwa mukono wake mwenyewe.

Siwezi kuacha Uajemi bila kutaja Wakristo wa Julfa. Ulikuwa muji wa Waarmenia kando ya muto Aras, kwenye mupaka wa Waturuki, tajiri kwa biashara ya hariri. Mwaka wa 1604 jeshi la Waturuki lilipokaribia, Abbas aliamuru inchi yote ile ichomwe, na watu wake wahamishwe. Walivushwa muto kwa nguvu, na wengi wakafa kwa maji, njaa na baridi. Wale waliobakia aliwapa udongo kando ya Isfahan, wakajenga Julfa Mupya, na mukubwa wao wenyewe, na makanisa yao, na biashara ya hariri ya shah mikononi mwao. Kule, mwaka wa 1638, walichapa Zaburi kwa Kiarmenia kwa mashine waliyotengeneza wenyewe. Inahesabiwa kuwa buku la kwanza kuchapwa katika Iran yote.

Uhindi ilikuwa tajiri kupita zote. Mabonde ya Ganges na Yamuna yanalisha watu wengi sana, na barabara ndefu ilitoka Lahore, ikapita Delhi na Agra, ikaenda mpaka Bengal. Akbar alikuwa na waziri wa feza Muhindu, Todar Mal, mutu wa hesabu. Kwanza walibadilisha kamba ya kupimia mashamba. Kamba ya katani ikilowa inakuwa fupi, na shamba linaonekana kubwa kuliko lilivyo. Basi wakatumia fimbo za mianzi zilizounganishwa kwa pete za chuma. Kiisha wakakusanya mavuno na bei za miaka 10, pahali kwa pahali, na mwaka wa 1580 wakaweka kodi: sehemu moja ya tatu hivi, kwa feza. Mwaka ule ule inchi ikagawanywa majimbo 12. Katika kila jimbo liwali alishika jeshi, lakini mutunza feza alikuwa mutu mwingine, aliyemujibu waziri wa Akbar na si liwali. Kila mumoja alimuchungulia mwenzake. Mimi naona hiyo ilikuwa akili kubwa kuliko mizinga.

Wakubwa wa Akbar walikuwa na vyeo kwa hesabu, tangu wa 10 mpaka wa 5000, na wengi walilipwa kwa kodi za vijiji, sawasawa na sipahi. Lakini hapa Wamoguli walichagua upande mwingine wa shida yetu. Walihamisha wakubwa wao kila miaka mitatu au mine. Hakuna mutu aliyeota mizizi. Na mulimaji? Munganga Mufaransa François Bernier, aliyekaa Uhindi karibu miaka 10 tangu mwaka wa 1658, aliandika kwamba wakubwa walijisemea: sababu gani nitengeneze mufereji wa maji, na kesho nitahamishwa? Bernier alikuwa anaandikia waziri wa Ufaransa na alitaka kumuonya, kwa hiyo maneno yake tuyapime. Lakini Wahindi wenyewe waliandika malalamiko ya namna ile ile, na walimaji wa Jat karibu na Agra waliinuka na silaha mwaka wa 1669.

Aurangzeb, mujukuu wa mwana wa Akbar, alikwenda kusini mwaka wa 1681 kushinda Dekani, na hakurudi tena. Alikaa katika hema miaka 26. Kambi yake ilikuwa kama muji unaotembea, na kaskazini ilitawaliwa kwa mikanda. Alishika Bijapur na Golconda, karte yake ikawa kubwa kuliko ya mufalme yeyote mbele yake. Lakini wakubwa wapya wote wa kusini walitaka vijiji vya kula, na vijiji havikutosha. Mutu alipewa cheo, akangoja miaka kupata kijiji. Akikipata, alikamua bila huruma. Aurangzeb alikufa mwaka wa 1707 mwenye miaka 88. Miaka 17 kiisha, mwaka wa 1724, mumoja wa wakubwa waliokuwa wakihamishwa hamishwa, Nizam-ul-Mulk, aliamua kutohama tena. Akakaa Dekani, akaifanya yake.

Mufalme wa mwisho wa Wamoguli, Bahadur Shah, alitolewa Delhi na Waingereza mwaka wa 1858, akapelekwa Rangoon kama mufungwa, akafa kule. Wakati ule jamaa ya Nizam ilikuwa ingali juu ya kiti katika Hyderabad. Ilikaa pale mpaka mwaka wa 1948.